Fundi Viatu na Pigo la Kwanza

Nilimwonea wivu Fundi viatu kwa miaka sita mfululizo, na naandika haya nikiwa sina hakika kama nimeacha. Hakuwa tajiri, hakuwa na cheo, na kwa umri alikuwa amemzidi baba yangu. Alikuwa na kisanduku cha mbao, sindano, nta, uzi, na kigoda alichokiweka barazani pa duka la vifaa vya ujenzi pale Iyunga, Mbeya, kando ya barabara kuu. Katika vyote alivyokuwa navyo nilitaka kimoja tu. Yule mzee alijua kupasua.

Kupasua ndilo jina letu la pigo la kwanza katika mchezo wa pool. Mipira kumi na tano inapangwa pembetatu, imebanana, upande mmoja wa meza. Wewe unasimama upande wa pili na mpira mweupe, unaupiga kwa fimbo, nao unakwenda kuitawanya ile mingine. Asiyecheza anadhani hilo ni suala la nguvu. Hata mimi nilidhani hivyo, na nguvu nilikuwa nazo. Kazi yangu ni kupakua mbao kwenye malori yanayotoka Mafinga, na mabega yangu ni ya kazi hiyo. Kwenye ukumbi wetu wa pool waliniita Baruti. Nikipasua, akina mama wanaouza ndizi ng'ambo ya barabara waligeuka kutazama. Mara tatu niliurusha mpira mweupe nje ya meza, na mara moja ukavunja chupa ya soda mikononi mwa shemeji wa mwenye ukumbi. Watu walipiga makofi. Mimi nilidhani wananipigia makofi kwa kuwa najua.

Fundi hakuja pale kucheza. Alikuja na kazi. Fimbo ya pool ina kipande kidogo cha ngozi kwenye ncha yake, kidogo kuliko kifungo cha shati, na bila hicho mpira unateleza na kwenda unakotaka. Ngozi za fimbo za ukumbi wetu zilikuwa zimekwisha, na mwenye ukumbi akaona kwamba mtu anayejua ngozi na gundi ni fundi viatu. Akamwita. Mzee akaja alasiri moja, akazikusanya fimbo zote saba, akazipeleka barazani kwake, akazirudisha baada ya siku mbili. Alipozirudisha, akaomba kuijaribu moja ili ajue kazi yake imeshika.

Tulimpangia mipira kwa heshima tu, kama unavyomwachia mzee kiti. Akavua koti. Mikono yake ilikuwa myembamba, na mishipa yake ilionekana yote. Akainama, akairudisha fimbo nyuma taratibu, akatulia kidogo kwa muda wa mtu kumeza mate, kisha akapiga.

Hakukuwa na kishindo. Kilisikika kitu kama mtu anayefungua kufuli. Mipira ikasambaa meza nzima, miwili ikaingia mashimoni, na mpira mweupe ukarudi nyuma kidogo ukasimama katikati ya meza kabisa, unaangalia kila upande. Hakuna aliyepiga makofi. Hilo liliniuma kuliko kama wangeshangilia.

"Zimeshika," Fundi akasema, akavaa koti lake.

Sikuwahi kujua alizaliwa kijiji gani wala ni mtoto wa nani. Nilijua tu ametokea upande wa Iringa, kwa kuwa kila asubuhi alisalimia watu kwa "Kamwene," hata Wanyakyusa ambao hawakuwa na haja na salamu ya Kihehe, na hakuondoka mpaka uitikie. Alisema pool alijifunza ujanani katika klabu ya kiwanda kimoja cha mbao, na zaidi ya hapo hakusema. Ukimuuliza alikushika mguu akakagua soli ya kiatu chako.

Alikuwa na mambo yake. Jumapili alikwenda ibada ya kwanza kanisani kwa Walutheri, kisha akaja ukumbini na shati jeupe lililofungwa vifungo hadi kooni. Bia hakugusa. Alikunywa chai ya rangi yenye tangawizi kutoka dirishani kwa mke wangu, kwa maana mke wangu ndiye aliyekuwa na jiko la ukumbi, chipsi na mishikaki, na dirisha la jiko lilitazama moja kwa moja kwenye meza ya pool. Kabla ya kucheza Fundi alibadilisha viatu. Alikuwa na jozi moja ya viatu vyepesi vya soli nyembamba aliyoishona mwenyewe, na aliibeba kwenye mfuko wa nailoni. Alisema mguu ukishindwa kuisikia sakafu, mkono nao unababaika. Tulimcheka. Baada ya miezi michache niliona vijana wawili wamemshonesha viatu kama vile.

Msimdhanie malaika. Kwenye drafti alikuwa mwizi wa wazi. Alikuwa anasukuma vizibo kwa kiwiko huku anakuonyesha lori linalopita, na ukimkamata alikasirika yeye. Foleni hakuweza kuivumilia. Dukani, zahanati, bombani, alipita mbele akiwaambia watu ana mgonjwa, na mgonjwa huyo hatukumwona kamwe. Ukichelewa kufuata kiatu chako, alikivaa. Lakini mbele ya meza ya pool mzee huyohuyo alikuwa anajishitaki mwenyewe. Mara nyingi alisimama katikati ya mchezo akasema, "Nimegusa mpira kwa mkono wa shati, faulo yangu," wakati hakuna hata mmoja wetu aliyeona. Sikumwelewa. Nilimwonea wivu hata katika hilo, kwamba alikuwa na mahali pamoja duniani ambapo hakuhitaji kudanganya, na mahali penyewe ndipo pale nilipopataka mimi.

Gundi alikuwa haamini ya Mbeya. Mara mbili kwa mwaka alipanda basi mpaka Iringa mjini, kwenye duka la mzee mmoja Mhindi anayeuza ngozi na vifaa vya ushonaji, akarudi na kopo moja la gundi na kipande cha ngozi kilichofungwa kwa gazeti. Alikaa kwenye basi siku nzima kwa ajili ya kopo. "Kazi ya ncha ni ndogo," alisema, "ndiyo maana haina pa kufichia uongo." Watu wa kumbi nyingine wakaanza kumletea fimbo zao, kutoka Mwanjelwa, kutoka Uyole, hata dereva mmoja wa Igawa alikuwa anashuka na fimbo mbilimbili kwenye lori. Alijivunia gundi yake kuliko alivyojivunia kupasua. Ngozi aliyobandika yeye haikuwahi kung'oka, na aliisema habari hiyo kila siku, hata pasipo mtu kumuuliza.

Mwaka wa pili nilishinda aibu, nikamwomba anifundishe.

Alinitazama mabega. "Wewe Baruti, una nguvu za kutosha watu wawili," akasema. "Shida ni kwamba wote wawili wanapiga kwa pamoja."

Akanianzisha na mpira mweupe peke yake. Niupige uende mpaka mwisho wa meza, ugonge ubao, urudi uguse ncha ya fimbo yangu nikiwa bado nimeinama. Jambo la mtoto. Nilipiga jioni nzima na mpira ukarudi kila mahali isipokuwa kwenye ncha. Ukirudi kushoto, maana yake nimepinda kushoto. Nguvu iliyopinda, alisema Fundi, inakuadhibu zaidi kadiri inavyokuwa nyingi. Wiki tatu hakuniruhusu kupanga mipira. Alipokuja kuniruhusu, akachana kipande cha gazeti ukubwa wa kiganja, akakiweka katikati ya meza.

"Pasua kwa nusu ya nguvu. Mpira mweupe usimame juu ya gazeti. Ukisimama mara tano mfululizo, ongeza kidogo. Usiposimama, punguza."

"Kwa nusu mipira haitatawanyika, Fundi."

"Itatawanyika vibaya. Halafu itatawanyika vizuri. Halafu utaongeza. Una haraka ya kwenda wapi?"

Kosa langu alilijua siku ya kwanza na alinieleza mamia ya mara. Nilikuwa naishika fimbo kwa nguvu mkono wa nyuma sekunde ya mwisho, na nilikuwa nainua kichwa. Fimbo ilipaswa ilale kwenye vidole kama kitu ambacho si changu, kisha ipite mbele, ipite mpira, iende mpaka mkono uishe wenyewe. Na macho yabaki chini. Mimi nilikuwa nainuka ili nione mipira inavyoruka.

"Unataka kuona kabla hakijatokea," alisema, na alinigonga mgongoni na kipande cha soli.

Mwaka mzima. Nilipata maendeleo, sikatai. Mpira mweupe uliacha kuruka nje. Mara moja moja ulisimama juu ya gazeti, na siku hizo nilirudi nyumbani nikiwa mwema kwa watu wote. Lakini ile sauti ya kufuli sikuipata. Mbele ya watu Baruti alinirudia, nikabana fimbo, nikainua kichwa.

Sasa lazima niseme kuhusu mke wangu, Mama Neema. Alikuwa anatazama kupitia dirisha la jiko huku anamenya viazi, na masomo yangu yote aliyasikia. Alasiri moja ya Jumatatu, ukumbi ukiwa mtupu, niliingia nikitoka kazini nikamkuta ameinama kwenye meza, aproni bado kiunoni, na Fundi amesimama pembeni na kikombe chake cha chai. Hawakuniona. Mke wangu akarudisha fimbo nyuma, akatulia, akapiga. Nikasikia kufuli linafunguka.

Hakuinua kichwa. Alibaki vilevile chini, fimbo imenyooka mbele, mpaka mipira yote iliposimama. Mweupe ulikuwa juu ya gazeti.

"Baba, umekaa?" akauliza, bado hajatazama.

"Umekaa, mwanangu," Fundi akajibu. "Inuka uone."

Akainuka, akacheka, akamshika mzee mkono kwa mikono yake miwili. "Ndaga fijo, Baba," alimshukuru kwa Kinyakyusa. Ndipo wakaniona mlangoni.

Baadaye nilikuja kujua kwamba alikuwa amejifunza kwa wiki tatu. Wiki tatu, kwa mwaka wangu mzima. Nilimuuliza Fundi ana siri gani aliyomfundisha mke wangu akaninyima mimi. Akaniambia ni yaleyale, kwa maneno yaleyale. "Yeye hana cha kulinda," akasema. "Hakuna anayemwita Baruti."

Nilisema maneno mazuri mbele za watu. Nilimsifu mke wangu kwa sauti kubwa. Lakini nyumbani nikaanza kulalamikia chumvi ya mboga na vumbi la mlangoni, na akipita barazani kwa Fundi kumpelekea chai, nilihesabu dakika. Sikuwahi kudhani kuna jambo baya kati yao. Yule alikuwa mzee, akimwita mwanangu na kumaanisha hivyo. Ingekuwa jambo baya, ningejua la kufanya. Kilichoniuma ni kwamba walikuwa wanaelewana kuhusu kitu nilichokipenda, na mimi nilikuwa nje ya mazungumzo. Mke wangu alianza kuzungumza kama yeye. Mtoto akimwaga maji, alisema, "Una haraka ya kwenda wapi?" Nilikuwa nahisi Fundi amehamia nyumbani kwangu.

Kisha wakaja watu wa Mafinga. Ukumbi mmoja wa kule uliomba mechi na ukumbi wetu, wachezaji watano kwa watano, Jumamosi mchana, kwao. Kila upande ungekuwa na mpasuaji mmoja wa kuanzisha michezo yote. Mwenye ukumbi wetu alimwachia Fundi achague. Fundi mwenyewe alisema macho yake hayafai tena kwa mechi. Alikaa kwenye kigoda, akatutazama wote, akasema bila kupepesa macho:

"Mama Neema apasue. Na atatumia fimbo yangu."

Fimbo ile hakuwahi kumwachia mtu. Alikuwa ameibadilisha ngozi wiki hiyohiyo, asubuhi ya baridi ya mwezi wa sita, akaipuliza kwa pumzi yake ili gundi isigande mapema. Aliifunga kwa kitambaa akamkabidhi mke wangu, naye akaileta nyumbani akaisimamisha nyuma ya mlango wa chumba chetu. Mimi niliwekwa mchezaji wa tano, yule anayecheza ikihitajika.

Ijumaa alasiri mke wangu alikuwa jikoni ukumbini na mtoto alikuwa shuleni. Nilikaa kitandani nikaitazama ile fimbo kwa muda mrefu. Kisha nikachukua wembe ambao mke wangu alikuwa anamkatia Neema kucha, nikaupitisha chini ya ngozi, pale penye gundi. Haikuwa rahisi. Gundi ile ilishika kama mfupa. Nilikata kidogo kidogo, nikizungusha, mpaka ikabaki sehemu ndogo ya katikati, nikaibana ngozi irudi mahali pake na nikaifunga fimbo kwa kitambaa kama ilivyokuwa. Vidole vyangu vilitulia kabisa. Sikuwahi kushika kitu kwa utulivu kama ule, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo.

Mafinga kulikuwa na ukungu, na harufu ya mbao mbichi ilikuwa imejaa mji. Ukumbi wao ulijaa watu wa viwanda vya mbao, bado wana unga wa misumeno kwenye nywele. Walipomwona mwanamke anafungua kitambaa wakaanza kutania, kisha wakaacha, kwa sababu ya jinsi alivyosimama. Fundi alikuwa amekaa benchi la mbele na koti lake magotini.

Mke wangu akainama. Akarudisha fimbo, akatulia. Akapiga kwa nguvu yake yote, iliyonyooka, na ngozi ikang'oka. Mbao tupu ikagonga mpira, mpira ukateleza pembeni, ukaruka ubao na kuanguka miguuni mwa watu. Pembetatu ya mipira haikuguswa hata kidogo. Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Ile ngozi iliviringika mpaka karibu na kiatu changu. Nikaikanyaga. Watu walipokuwa wanaitafuta, niliinama kama anayefunga kamba, nikaitia mfukoni.

Walimpa fimbo nyingine. Alipasua michezo iliyobaki lakini mkono ulikuwa umeshaingiwa na hofu. Alianza kubana, akaanza kuinua kichwa. Alipiga kama mimi. Tulifungwa michezo yote mitatu ya mwanzo, na mimi sikuhitajika.

Fundi alisimama mbele ya watu wote, wetu na wao. Alikuwa ameishika fimbo yake, akikipitisha kidole gumba kwenye ncha iliyobaki, penye tabaka la gundi.

"Kosa si la huyu binti," akasema. "Kosa ni langu. Gundi yangu haikushika."

Nilikuwa karibu naye kiasi cha kumgusa. Ningeweza kusema. Nilipokuwa najiandaa kusema nikagundua kwamba nilikuwa nasikia raha, kidogo, mahali fulani chini ya aibu, na raha ile ikanifunga mdomo.

Tuliporudi, pale Igawa lori liliposimama watu wanunue mchele, niliitupa ile ngozi mtaroni. Mke wangu alilia njia nzima bila sauti. Kuanzia siku hiyo hakugusa fimbo. Alipachika pazia kwenye dirisha la jiko.

Fundi naye aliacha kubandika ncha. Watu walimletea fimbo akazikataa. Yule dereva wa Igawa alimbembeleza, Fundi akamwambia, "Mkono umeniacha, tafuta mwingine." Alishona viatu tu, na hata viatu nilimwona anavishona mara mbili, anavuta uzi, anavuta tena, hauamini. Drafti aliacha kuiba. Nadhani hilo ndilo lililonionyesha ukubwa wa nilichofanya. Kabla ya Krismasi alifunga kisanduku chake akahamia Mafinga kwa binti yake. Asubuhi ya kuondoka kwake alipita kuaga, akaniambia niendelee na gazeti langu, nisikate tamaa.

Nami nikawa mpasuaji wa ukumbi. Hakukuwa na mwingine.

Miaka minne ilipita. Sitasema nilikuwa sipati usingizi. Nilipata. Nilikula, nikapakua mbao, nikapasua. Ila kila mpira mweupe uliposimama katikati ya meza niligeuka kutafuta mtu wa kuona, na dirisha lilikuwa na pazia.

Mwaka huu, baada ya mvua kuisha, bosi alinituma Mafinga kuchagua mzigo kiwandani. Nilimaliza saa nne asubuhi. Nikauliza fundi viatu mzee yuko wapi, wakanionyesha baraza moja nyuma ya soko, jirani na mama mmoja anayeuza maparachichi. Alikuwa amepungua sana. Alikuwa ameinamia buti la mfanyakazi wa msituni, na miwani imefungwa kwa uzi.

"Kamwene," nikasema.

"Kamwene. Baruti!" Akafurahi kweli. "Mama Neema hajambo? Bado anapasua?"

"Hapana, Fundi. Aliacha siku ileile."

Akatikisa kichwa, akarudi kwenye buti. Nikavuta ndoo iliyokuwa pale, nikakaa, nikamwambia. Nilimwambia yote, wembe, kitanda, kiatu, mtaro wa Igawa. Niliongea nikitazama chini. Nilipomaliza, sindano yake ilikuwa imesimama.

"Wembe," akasema.

"Ndiyo, Fundi."

"Ulikata kuzunguka, au ulipitisha moja kwa moja?"

"Kuzunguka. Ilikataa. Nilihangaika nayo karibu saa nzima."

"Saa nzima?"

"Ilishika kama mfupa."

Akaweka buti chini. Akasimama, taratibu, akishika ukuta. Nilidhani atanipiga, na nilikuwa tayari. Akamgeukia yule mama wa maparachichi.

"Mama Tumaini! Unasikia? Ilishika! Gundi yangu ilishika! Huyu hapa alikata na wembe saa nzima!"

"Ile ya mechi?" yule mama akauliza, na niliona kwamba habari ile anaijua kuanzia mwanzo mpaka mwisho.

"Ile ile! Si nilikwambia haiwezekani? Nilikwambia!" Alikuwa anacheka na macho yamejaa machozi, amenyoosha mikono yake miwili mbele akiitazama, pande zote mbili, kama mtu aliyerudishiwa kitu na polisi. "Miaka minne, Mama Tumaini. Miaka minne najiuliza nilikosea wapi. Nikasema ni baridi. Nikasema ni uzee."

Nilikuja nikiwa nimejiandaa kwa hasira yake, hata kwa msamaha wake. Sikuwa nimejiandaa kumwona ana furaha. Nilikaa kwenye ile ndoo nikamwonea wivu upya, yule mzee niliyemharibia, kwa sababu alikuwa mwepesi kama karatasi na mimi nilikuwa nimebaki na uzito wangu wote.

Alipotulia, akanitazama. Furaha ilikuwa bado usoni, lakini macho hayakuwa nayo.

"Mkeo anajua?"

"Hapana."

"Mpigie."

"Nikifika nyumbani nitamwambia, Fundi."

"Mpigie hapa hapa. Wewe ukifika Igawa utakuwa umeshabadilisha maneno."

Nikapiga. Nikasikia mafuta yanachemka nyuma yake. Nikamwambia kwa sentensi chache, hazikuhitaji kuwa nyingi. Mafuta yaliendelea kuchemka.

"Wembe gani?" mke wangu akauliza mwishoni.

"Ule wa kucha za Neema."

Kisha akauliza, "Fundi yuko hapo?"

"Yupo."

"Mpe simu."

Nikampa. Fundi akaiweka sikioni kwa mikono miwili. "Mwanangu," akasema, kisha akasikiliza kwa muda mrefu, akiitikia kwa koo tu. Mwishowe akasema, "Ulipiga sawasawa. Nilikuwa nimekaa mbele, nilikuona. Ulipiga sawasawa kabisa." Nikasikia sauti ya mke wangu, ndogo, haikamatiki maneno, na baadaye nikasikia anacheka. Kicheko kile nilikuwa sijakisikia tangu alipopachika pazia.

Fundi akageuza mgongo, akaanza kutembea polepole kwenye baraza, simu yangu sikioni, mkono wake wa kulia ukirudi nyuma na kwenda mbele hewani, anamweleza kitu kuhusu kiwiko.

"Huyu?" nikamsikia anasema. "Yupo, amekaa kwenye ndoo." Akasikiliza. "Hapana, hajaomba kuongea na wewe."

Wakaendelea. Mama Tumaini alinikatia parachichi nusu, akanipa bila kunitazama, nami nikakaa pale nimelishika, nikisubiri wamalize.